MAHARAGE, KIPORO NA TUMBO LA MFANYAKAZI



Yako magonjwa ambayo mtu huyataja bila haya. Mgongo ukiuma, tunasema. Malaria ikitushika, tunasema. Lakini tumbo likianza kuendesha, tunanyamaza. Nyapara akiuliza kwa nini kipande hakikuisha, tunasingizia kichwa. Safari hii tumeamua kulizungumza jambo hili waziwazi katika ukurasa wetu, kwa sababu linatupunguzia mishahara na linawaua watoto wetu, na sehemu kubwa ya dawa yake imo katika chakula na jinsi tunavyokula.

Anayekata miwa kwa kipande, akilazimika kuacha panga na kwenda porini mara sita asubuhi moja, hakimalizi kipande chake, na siku ile hailipwi. Mchumaji wa chai naye atapeleka kilo chache mizanini. Aliye kiwandani ataomba ruhusa mara ya kwanza na ya pili, na mara ya tatu ataitwa mvivu. Kwa hiyo haya si mambo ya jikoni tu, bali ni mambo ya kazi.

KISA CHA SUFURIA MOJA

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa katika shamba moja la miwa nchini Uganda, tukila chakula cha mchana cha kampuni pamoja na wenzetu. Chakula kilikuwa kilekile cha siku zote: posho, kama ugali unavyoitwa huko, na maharage mekundu. Wiki ile trekta la kuni halikufika kambini, na mama mpishi alikuwa ameagizwa abane matumizi. Maharage yalikuwa magumu kidogo kwenye meno, lakini mtu aliyekata miwa tangu alfajiri hana muda wa kuyachunguza. Tulikula saa saba mchana.

Kabla ya saa tisa watu walianza kutapika, mmoja baada ya mwingine. Kisha matumbo yakaanza kuendesha. Zaidi ya watu 30 walilala chini ya miti kando ya barabara ya trekta, na kazi ikasimama.

Hapo maneno yakaanza. Baadhi walisema tumerogwa. Msimamizi alisema mpishi ametia kitu katika chakula, na jioni ileile akamsimamisha kazi bila kumsikiliza. Sisi wa kamati ya tawi nasi hatukuwa na subira: tulisema unga umeoza, na kwamba mwajiri ametuletea unga wa bei rahisi. Tulikuwa tayari kuandika barua kali.

Aliyetuokoa na aibu ni mganga wa zahanati ya shamba. Aliuliza maswali mawili tu. La kwanza: je, yuko aliyekula posho bila maharage? Walikuwapo wanne, waliokula posho hiyohiyo kwa dagaa waliokuja nao kutoka nyumbani. Hata mmoja wao hakuugua. Basi unga haukuwa na kosa. La pili: maharage yalichemka kwa muda gani? Mama mpishi akajibu kwa unyofu kwamba hayakuchemka hata kidogo. Hayakulowekwa usiku, na tangu asubuhi yalikaa juu ya makaa machache yakipata joto polepole, mpaka yalipoanza kulainika akayapakua.

SUMU ILIYOMO NDANI YA MAHARAGE

Hapo ndipo wengi wetu tulipojifunza jambo ambalo hatukulijua, ingawa tumekula maharage tangu utoto. Maharage, na hasa yale mekundu, yana sumu yake ya asili. Sumu hiyo hufa kwa moto mkali, lakini haifi kwa joto la kadiri. Tena maharage yaliyopashwa moto bila kuchemka huweza kuwa na sumu kali kuliko yale mabichi. Punje chache tu zatosha kumfanya mtu atapike na kuhara, kwa kawaida baada ya saa 1 hadi 3. Kwa wengi ugonjwa huo hupita wenyewe baada ya saa chache, lakini mtu aliyekwisha kupoteza maji mengi juani anaweza kuhatarika.

Kinga yake haina gharama kubwa. Loweka maharage usiku kucha, au kwa uchache saa 5. Mwaga maji yale, tia maji mapya, kisha yachemshe kwa moto mkali mpaka yatokote kweli kweli. Dakika 10 za kutokota ndizo za chini kabisa, na nusu saa ni salama zaidi. Baada ya hapo waweza kupunguza moto na kuyaacha yaive taratibu. Anayetumia kikapu cha kuhifadhia joto ili kubana kuni naye lazima ayachemshe kwanza namna hiyo ndipo ayafunike.

CHAKULA KINACHONGOJA JUA

Si kila anayehara amekula maharage mabaya. Wengi huharishwa na chakula kilichopikwa vizuri kabisa, lakini kikangoja mno kabla ya kuliwa. Tufanye hesabu pamoja. Vijidudu vya tumbo, vikipata chakula chenye unyevu na joto la kutosha, huweza kuzaana maradufu kila dakika 20. Mtu anapika saa kumi na mbili asubuhi, anafunga chakula katika mkebe, anautundika kwenye mti, anakula saa saba mchana. Zimepita saa 7. Kwa hesabu hiyo kijidudu kimoja huweza kuwa zaidi ya milioni 2. Chakula hakitanuka wala hakitabadilika ladha, na mwenyewe atasema kilikuwa kizima.

Wali una hatari yake. Kuna aina ya vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi hata wali ukichemka. Wali ukikaa nje usiku kucha, mbegu hizo huamka na kutoa sumu ya kutapisha, na sumu hiyo haiondoki hata kiporo kikipashwa moto asubuhi. Kwa hiyo kiporo cha wali kilicholala nje usiku kucha kisiliwe. Kiporo cha mboga au nyama, kama hapana budi, kihifadhiwe mahali pa baridi, kisha kichemshwe mpaka kitokote, si kupashwa vuguvugu tu.

Basi mfanyakazi wa shambani abebe nini? Wenzetu wa siku nyingi walijua. Walibeba viazi vitamu vilivyochemshwa na maganda yake, karanga kavu zilizokaangwa, ndizi mbivu na parachichi. Tunda lenye ganda lake ni chakula kilichokuja na kifuniko chake: ukilimenya mwenyewe kwa mikono safi, hakuna aliyekutangulia kulishika.

Kuna pia uji wa chachu. Watu wa Kigezi na Ankole wana bushera, na majirani wa Tanzania wana togwa. Unga wa mtama au ulezi ukichachuliwa vizuri hupata ukali, na vijidudu vingi vya kuharisha havistawi katika ukali huo. Katika miaka ya 1990 watafiti walichunguza jambo hili nchini Tanzania, wakakuta kwamba watoto waliolishwa uji uliochachuliwa waliharisha kwa uchache kuliko waliolishwa uji wa kawaida. Lakini tusidanganyane: uchachu hausafishi maji machafu. Uji uchemshwe kwa maji safi, chombo kiwe safi, na kisiwe kilichobeba dawa ya kuua wadudu, hata kama kimeoshwa mara mia.

MIKONO NA SINIA MOJA

Tunakula kwa mikono, na hilo si kosa. Kosa ni kula na mkono uliotoka kwenye panga, mbolea au choo. Kunawa mikono kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kushika chakula kumeonekana kupunguza kuhara kwa karibu theluthi moja. Ni dawa gani nyingine ya bei ya kipande cha sabuni inayofanya kazi hiyo? Sabuni ikikosekana, jivu safi la jikoni husaidia.

Lakini tazama jinsi tunavyonawa. Beseni moja linapitishwa kwa watu 20, na wa mwisho ananawa uchafu wa wote waliomtangulia, kisha wote wanatia mkono katika sinia moja. Maji yamiminwe, yasichovywe. Palipo na shida ya maji, tundikeni jerikani dogo lenye tundu na kamba ya kukanyagia kwa mguu, lile ambalo Watanzania huliita kibuyu chirizi. Kikombe cha maji chatosha watu kadhaa, na hakuna anayeshika chombo kwa mkono mchafu.

Halafu kuna desturi ya kushinda na njaa. Wengi huenda kazini na chai ya rangi tu, hawali kitu mpaka alasiri, ndipo hula mlima wa posho kwa dakika 10. Tumbo lililoshinda tupu na kujazwa kwa haraka hulalamika kwa kiungulia, gesi na maumivu. Wengine humeza vidonge vya maumivu ya mgongo katika tumbo hilo tupu, kisha husema njaa imewapa vidonda vya tumbo. Vidonda vingi husababishwa na kijidudu ambacho hutibika hospitali, na vingine na vidonge hivyohivyo vikitumiwa sana. Uji wa asubuhi, hata kikombe kimoja, ni bora kuliko safari ya shambani kwa chai tupu.

FUNZO LILILOTOKA MULAGO

Upo na upande wa pili wa shida hii, yaani choo kigumu. Tusidhani kwamba tumbo lenye afya ni lile lisilohara tu. Daktari mpasuaji Denis Burkitt alifika Uganda mwaka 1946, akafanya kazi Lira na kisha katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Baadaye yeye na wenzake walipima jinsi chakula kinavyosafiri tumboni, wakachapisha matokeo yao mwaka 1972. Kwa wanavijiji wa Uganda chakula kilipita kwa muda wa saa 36 hivi, na choo cha siku kilikuwa na uzito wa gramu 470 kwa wastani. Kwa mabaharia wa jeshi la Uingereza na wake zao chakula kilichukua saa 83, na choo kilikuwa gramu 104 tu. Tofauti kubwa ilikuwa nyuzinyuzi: wanavijiji walikula vyakula visivyokobolewa sana, kunde na mboga, na Waingereza walikula mikate myeupe na sukari.

Leo sisi wa kambini tumeanza kuwafuata mabaharia wale. Posho ya unga mweupe uliokobolewa, chai yenye sukari nyingi, mkate mweupe na soda: ndicho chakula cha wengi kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi. Matokeo yake ni kufunga choo, kujikamua na bawasiri, hasa kwa wanaokaa mashineni saa nyingi bila maji ya kunywa. Tuchanganye unga wa ulezi au mtama na ule wa mahindi. Tusiache maharage yaliyoiva vizuri. Mchicha, dodo, sukumawiki na majani ya maboga viwe katika kila sufuria. Na tunywe maji.

TUMBO LIKISHAENDESHA

Kuna kosa moja ambalo limewaua watoto wengi katika kambi zetu: kumnyima maji na chakula mtoto anayehara, kwa kuamini kwamba tumbo likiwa tupu litakauka. Anayehara hafi kwa sababu ya choo. Hufa kwa sababu maji na chumvi vimemtoka mwilini. Kila siku karibu lita 8 au 9 za maji, yale tunayokunywa na yale ambayo mwili wenyewe huyatoa ili kusaga chakula, hupita ndani ya matumbo yetu, na karibu yote hunyonywa kurudi mwilini. Ugonjwa ukiharibu kazi hiyo, mtu huweza kukauka kwa saa chache.

Lakini hata utumbo uliougua bado una mlango mmoja ulio wazi. Sukari ikiwa pamoja na chumvi kwa kiasi chake, vyote viwili huingia mwilini, na maji huvifuata. Mwaka 1971, wakati wa vita ya Bangladesh, wakimbizi walijazana India na kipindupindu kikawaangukia. Katika kambi ya Bangaon, dripu zilipokuwa zikimalizika, daktari Dilip Mahalanabis na wenzake walichanganya sukari, chumvi na magadi ya kuokea katika maji, wakawapa ndugu wa wagonjwa wawanyweshe kwa vikombe. Vifo vilivyokuwa karibu watu 30 katika kila wagonjwa 100 vikashuka chini ya 4. Waliookoa maisha hayo kwa sehemu kubwa walikuwa mama, baba na kaka waliokaa na kikombe kando ya mgonjwa.

Paketi za chumvichumvi hupatikana katika zahanati na maduka ya dawa. Ikikosekana, changanya hivi: maji safi lita 1, yaani chupa 2 za nusu lita, sukari vijiko 6 vya chai vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko cha chai. Onja: yasiwe na chumvi kuliko machozi. Usizidishe chumvi, kwa maana huleta madhara. Mtoto aliye chini ya miaka 2 apewe robo hadi nusu kikombe kila anapohara, mkubwa zaidi nusu hadi kikombe kizima, na mtu mzima anywe kwa kadiri anavyoweza. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha endelea polepole kwa kijiko. Yaliyobaki baada ya saa 24 yamwagwe. Soda si badala yake, maana sukari yake ni nyingi mno na huweza kuzidisha kuhara.

Na mgonjwa ale. Mtoto aendelee kunyonya, tena mara nyingi zaidi. Mkubwa apewe uji, posho laini, wali uliopikwa wakati uleule, matoke, ndizi mbivu, supu ya samaki. Mtu ambaye maziwa mabichi humsumbua tumbo aweza kuyavumilia zaidi yakiwa ya mgando. Mtoto akipona, aongezewe mlo mmoja kila siku kwa wiki 2 ili arudishe mwili. Mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walishauri pia vidonge vya zinki kwa watoto: miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, na miligramu 10 kwa aliye chini ya miezi 6. Viulizeni zahanati.

Usikae nyumbani ukiona damu katika choo, choo kama maji ya mchele, kutapika kila kitu, macho kudidimia, mkojo kukauka, au mtoto kulegea na kushindwa kunywa. Hapo ni mbio hospitali, huku mkimnywesha njiani. Anayehara kwa zaidi ya siku 14 naye akapimwe. Tena tuache kununua vidonge vya rangi mbili dukani kila tumbo linapounguruma. Kuhara kwingi hakuhitaji dawa hizo.

LILILO LETU NA LILILO LA MWAJIRI

Tumesema mengi yanayotuhusu sisi wenyewe. Lakini huwezi kumwambia mtu anawe mikono mahali pasipo maji. Huwezi kumwambia ale taratibu na filimbi inapulizwa baada ya dakika 15. Mchumaji wa kike hawezi kutunza afya yake ikiwa choo kiko mwendo wa nusu saa na nyapara anahesabu dakika. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 inataja maji ya kunywa, mahali pa kunawia na vyoo. Mkataba namba 184 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2001, unahusu usalama na afya katika kilimo, na unataka sheria za nchi ziweke huduma za ustawi kwa wafanyakazi bila wao kulipa.

Kwa hiyo kila kamati ya tawi ikague mambo haya kabla ya mkutano ujao na mwajiri:

1. Maji safi ya kunywa yafike mpaka mahali kazi inapofanyika, katika chombo chenye kifuniko na bomba.
2. Vyoo na mahali pa kunawia, pamoja na sabuni, viwe karibu na kikosi cha kazi na vihamishwe kikosi kinapohama.
3. Muda wa kula uwe wa kutosha, pawe na kivuli, na uji utolewe asubuhi.
4. Jikoni pawe na kuni za kutosha, sufuria za kulowekea na ghala kavu.
5. Anayehara asishike chakula cha wengine, na mpishi akiugua apumzike bila kukatwa mshahara. Akijua atakatwa, ataficha ugonjwa na sote tutaupata.

Katika shamba lile la miwa, barua yetu kali haikuandikwa kama tulivyokusudia. Tuliandika nyingine, fupi, tukieleza alichogundua mganga na kuomba mambo mawili: mama mpishi arudishwe kazini na alipwe siku alizokosa, na kuni zipimwe kwa wiki mbele ya mjumbe wa kamati. Ilichukua vikao vitatu. Mama alirudi jikoni, na siku zake akalipwa nusu. Nusu ya pili tunaidai hadi leo.

Jioni ya kwanza aliporudi, alimimina gunia la maharage katika mapipa mawili ya maji, akayafunika, akawaita vijana wawili wa kambi waone. Asubuhi sufuria ilitokota mpaka kifuniko kikaruka. Saa saba tulikula tukashiba, na saa tisa wote tulikuwa bado mashambani.